Kusahihisha Kosa Katika Mazungumzo ya Maandishi

Tuchukue mfano wa mwalimu anayewapelekea wanafunzi wake ujumbe kwa simu: "Mtihani wa Fizikia utafanyika chumba 3, saa 2." Mara anagundua kosa, naye anaandika: "*4". Je, kilichobadilika ni chumba au saa? Mwanafunzi atakayekisia vibaya huenda akaukosa mtihani.

Sahihisho kamili lina sehemu tatu: hutangaza kwamba pana kosa, huonyesha mahali lilipo, na hutoa kilicho sahihi. Kinyota cha mwalimu kimetimiza ya kwanza na ya tatu tu.

Wapigaji wa Morse walilitatua jambo hili zamani. Akikosea, mpigaji hutoa nukta 8 mfululizo, hurudia neno la mwisho lililokuwa sahihi, ndipo huendelea. Hivyo mpokeaji hujua aanzie wapi. Vivyo hivyo, programu ya kuhariri iitwayo ed, iliyoandikwa na Ken Thompson nchini Marekani mwaka 1969, hutumia amri s/3/4/, yaani "mahali pa 3 weka 4". Baadhi ya watu wanaozungumza kwa maandishi katika mtandao wa kompyuta waliichukua amri hiyo iwe alama ya kusahihishana. Hapo mahali pa kosa hapafichiki.

Kwa nini basi kinyota hutosha mara nyingi? Tazama: "Tutaonana kesgo", kisha "*kesho". Lugha ina ziada: si kila mfuatano wa herufi ni neno, kwa hiyo "kesgo" hujifichua lenyewe. Tarakimu hazina ziada hiyo. Ukiandika 3 badala ya 4, umepata namba nyingine iliyo halali kabisa, wala hakuna dalili ya kosa.

Tangu mwaka 2023 WhatsApp huruhusu ujumbe kuhaririwa katika muda wa dakika 15. Lakini kurekebisha maandishi si kumrekebisha aliyekwisha kuyasoma. Yeye huenda asirudi kuyatazama.

Basi, kosa likiwa katika namba, tarehe, fedha au kipimo cha dawa, andika sentensi nzima upya: "Nimekosea. Chumba ni 4. Saa ni ile ile, saa 2."

Zoezi: Andika ujumbe wenye namba mbili, kisha usahihishe moja kwa kinyota. Waulize wenzako watano wameelewa nini, mlinganishe majibu.