SAUTI ITOKAYO MBALI: NAMNA YA KUIPIMA HABARI YA REDIO

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Zamani mpiga mbiu alipopita kijijini na pembe yake, watu walimjua yeye ni nani, na walimjua aliyemtuma. Akiongeza neno la kwake, hazikupita siku mbili ila lilijulikana, maana mwenye kutuma alikuwa karibu na aliweza kuulizwa.

Leo mbiu hulia ndani ya kisanduku, au hata ndani ya simu ya mkononi. Asemaye yu mbali nasi maili elfu nyingi. Uso wake hatuuoni, na aliyemtuma hatumjui. Hata hivyo mtu hufika barazani asubuhi akasema, "Redio imesema," na neno hilo hukata shauri, kana kwamba redio zote ni moja na zote zina kinywa kimoja. Kwa neno kama hilo watu wamepata kuingiwa na hofu bure, na majirani wamepata kuchukiana. Kwa hiyo twaona inafaa tuwaeleze wasomaji wetu, na hasa machifu na walimu ambao watu huwajia kuuliza, jinsi redio za mataifa zilivyoanza, nani huzilipia, na kwa kipimo gani mtu mwenye akili aweza kuipima habari aliyoisikia.

Sauti hufikaje

Redio, ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo, haichukuliwi na upepo hata kidogo. Sauti ya msemaji hugeuzwa kuwa nguvu za umeme, na mtambo huzitupa angani kama mawimbi yasiyoonekana. Mawimbi yaliyo mafupi yana tabia ya ajabu: yapandapo juu sana hukuta tabaka za hewa zenye umeme, nazo huyarudisha chini, kama mpira uliotupwa darini ukarudi sakafuni. Hupiga juu na kurudi chini hivyo mara nyingi, hata yakavuka bahari na majangwa. Tabaka hizo hubadilika kwa mchana na usiku. Ndiyo sababu kituo kilichosikika vizuri magharibi huweza kufifia saa chache baadaye.

Kwa njia hiyo, tarehe 19 Desemba 1932, shirika la BBC la Uingereza lilianza kutangaza kwa Kiingereza kwa nchi za mbali kutoka mitambo yake ya Daventry. Mfalme hakuhitaji tena merikebu wala mjumbe ili sauti yake isikike ng'ambo. Na siku ya Noeli mwaka ule ule Mfalme George wa Tano alisema, akasikiwa katika nchi nyingi kwa wakati mmoja.

Aina tatu za redio

Msikilizaji hana budi kujua kwanza kwamba redio ni za aina tatu. Ya kwanza ni redio ya serikali, ambayo husema yale ambayo serikali inataka yasemwe. Ya pili ni redio ya wafanya biashara, ambayo hupata riziki yake kwa kutangaza sabuni, soda na vitu vingine, nayo hupendelea mambo yatakayovuta wasikilizaji wengi. Ya tatu ni redio ya umma. Hii ni mfano wa kisima cha kijiji: watu wote wamechanga ili kichimbwe, wote huteka maji, wala hapana mtu mmoja awezaye kusema, "Ni changu, nitakifunga nipendapo."

BBC ilianza mwaka wa 1922, nayo wakati ule ilikuwa kampuni ya watengenezaji wa redio. Tarehe 1 Januari 1927 iligeuzwa kuwa shirika la umma kwa Hati ya Kifalme, na mkuu wake alikuwa John Reith. Kila nyumba yenye redio ililipa ada ya shilingi 10 kwa mwaka. Kusudi lilikuwa kwamba asilipwe na mfanya biashara wala asiamriwe na waziri.

Lakini kusudi jema si kazi iliyokwisha. Mwaka wa 1926, wakati wa mgomo mkuu wa wafanya kazi wa Uingereza, wakubwa wengine wa serikali walitaka kuishika BBC iwe chombo chao. Haikushikwa, hata hivyo Ramsay MacDonald, kiongozi wa chama cha Labour, alipotaka kusema redioni alinyimwa nafasi. Twalitaja jambo hili ili wasomaji wasidhani kwamba jina la "umma" peke yake latosha kuifanya redio iwe ya haki. Jina ni kibuyu tu. Yapasa kuonja yaliyomo.

Tena, matangazo ya BBC kwa lugha za kigeni hayakulipiwa kwa ile ada. Kwa miaka mingi, hata mwaka wa 2014, fedha zake zilitoka kwa serikali kwa njia ya Wizara ya Mambo ya Nje. Hapo pana swali zito: je, sauti inayokula chakula cha serikali yaweza kusema neno ambalo serikali hailipendi? Haifai kulijibu kwa kukisia. Tutazame mambo yaliyotukia.

Habari ya kwanza ya Kiarabu

Tangu mwaka wa 1934 Waitalia walikuwa wakitangaza kwa Kiarabu kutoka mji wa Bari. Watu wa nchi za Waarabu walikusanyika katika migahawa ya kahawa kusikiliza nyimbo, na pamoja na nyimbo walisikia maneno ya kuwashutumu Waingereza. Nako Palestina, iliyokuwa chini ya Waingereza, Waarabu waliinuka kupigana nao mwaka wa 1936. Basi serikali ya Uingereza ikataka nayo iwe na sauti ya Kiarabu, na kazi hiyo ikapewa BBC.

Tarehe 3 Januari 1938 matangazo yalianza. Ilikuwa siku ya furaha, na wakubwa wengi walikuwa wakisikiliza. Lakini katika habari za jioni ile ya kwanza ilisomwa habari hii: Mwarabu mmoja wa Palestina amenyongwa asubuhi ile katika mji wa Acre kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza, kwa sababu alikutwa na bunduki na risasi.

Wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje walikasirika. Twawezaje, walisema, kufungua nyumba mpya ili tuwapendeze wageni, kisha tukawapokea kwa habari ya maiti? Huko Arabuni, Mfalme Ibn Saud aliisikia habari hiyo akahuzunika sana, naye alimweleza hivyo mjumbe wa Uingereza. BBC ilijibu kwamba kuacha habari kwa sababu haipendezi ni kuficha kweli, na kuficha kweli si desturi yake.

Na tulifikiri jambo hili pande zote mbili. Yule aliyenyongwa hakupata faida yoyote kwa kutajwa redioni, wala habari ile haikuondoa uchungu wa watu wake. Lakini kama ingefichwa, ingalifika migahawani kwa njia nyingine siku ya pili, na kila msikilizaji angalisema, "Kumbe hawa hutuimbia ili wasituambie." Tangu siku ile angaliipotea imani, na imani ya msikilizaji ni kama yai: likivunjika haliungwi.

Habari za kushindwa

Vita vikuu vilipotokea mwaka wa 1939, serikali ya Hitler iliwakataza Wajeremani kusikiliza redio za kigeni. Aliyezisambaza habari hizo aliweza hata kuuawa. Kwa upande wake BBC iliongeza lugha hata zikazidi 40. Miaka ile ya kwanza habari zilikuwa mbaya kwa Waingereza: Ufaransa ilianguka mwaka wa 1940, na Singapore ikaanguka mwaka wa 1942. Hugh Carleton Greene, aliyesimamia matangazo ya Kijeremani, aliona ni lazima kushindwa huko kusemwe wazi, maana asiyesadikiwa siku ya kushindwa hatasadikiwa siku ya kushinda. Na ndivyo ilivyokuwa: mambo yalipogeuka, kulikuwa na Wajeremani waliojificha chini ya blanketi ili kuisikia redio ya adui wao.

Redio mbili katika mwaka wa 1956

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa 1956. Gamal Abdel Nasser wa Misri alikuwa ameutwaa Mfereji wa Suez uwe mali ya taifa lake, na mwishoni mwa Oktoba Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani juu ya Misri. Watu wa Uingereza wenyewe waligawanyika. Waziri Mkuu, Anthony Eden, alitangaza redioni sababu zake. Kiongozi wa upinzani, Hugh Gaitskell, akaomba naye asikiwe, akapewa nafasi, akavilaumu vita vile. BBC ilitangaza maneno ya pande zote mbili hata kwa lugha za kigeni. Serikali ilichukizwa, ikamweka afisa wake ndani ya jumba la matangazo ya nje, na ikaja habari ya kupunguza fedha. Hata hivyo maneno ya kupinga hayakuzuiwa.

Sasa tazameni redio ya pili. Katika kisiwa cha Cyprus palikuwa na kituo cha Kiarabu kiitwacho Sharq al-Adna. Kilikuwa mali ya Waingereza, lakini wasemaji wake walikuwa Waarabu, na watu wengi walikipenda kwa nyimbo na michezo yake. Vita vilipokuwa vikianza serikali ilikishika, ikakiita Sauti ya Uingereza, ikakipa maneno ya kusema. Wasemaji Waarabu walikataa, na wengi wao wakaacha kazi. Mitambo ilibaki ile ile na mawimbi yale yale, lakini wasikilizaji walikwisha ondoka. Mwaka wa 1957 kituo kile kilifungwa. Imani ya miaka mingi ilitumika kwa siku chache, kama mtu achinjaye ng'ombe wa maziwa kwa karamu moja.

Kiswahili nacho kikafika

Miezi michache baada ya mambo hayo, tarehe 27 Juni 1957, BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Msomaji wake wa kwanza alikuwa Oscar Kambona, mwanafunzi wa sheria mjini London, ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Lakini London haikuwa ya kwanza. Redio ya Cairo ilikuwa imeitangulia kwa Kiswahili, ikiwahimiza watu wa Afrika wajikomboe na utawala wa wageni. Mwaka wa 1963 ikafuata Deutsche Welle ya Ujeremani.

Basi msikilizaji wa pwani na wa bara alikuwa na bahati ambayo pengine hakuitambua. Cairo ilikuwa na bwana wake, na London ilikuwa na bwana wake. Lakini aliyesikiliza zote mbili alijua yale ambayo kila moja iliyasema kwa sauti kubwa, na yale ambayo kila moja iliyapita kimya kimya.

Kipimo chenyewe

Katika mambo haya yote twapata kipimo kimoja. Usiipime redio kwa siku inapowasema adui za bwana wake, maana siku hiyo kila ulimi ni mwepesi. Ipime kwa siku habari inapomwaibisha bwana wake mwenyewe. Je, imesema, au imeimba wimbo?

Tena kila msikilizaji, kabla hajalipeleka neno barazani, ajiulize haya:

1. Ni redio gani iliyosema, na nani huilipia?
2. Imesema "imetokea," au imesema "inasemekana"? Haya si maneno mamoja.
3. Je, yule aliyelaumiwa naye amepewa nafasi ya kujibu?
4. Je, redio nyingine, yenye bwana mwingine, imesema hivyo pia?
5. Mimi mwenyewe nimeisikia, au nimeambiwa na aliyeisikia?

Walimu waweza kuwapa wanafunzi maswali haya wakasikiliza habari za jioni mbili kutoka vituo viwili, kisha waandike tofauti walizoziona. Na mwenye kusimamia baraza aweza kumwuliza kwa upole mtu asemaye "Redio imesema": "Ndugu yangu, redio ipi, na saa ngapi?" Tumeona maneno mengi makali yakipoa kwa swali hilo moja.

Twamaliza kwa jambo la kufikiri. Tarehe 27 Januari 2023 redio ya Kiarabu ya BBC, ile iliyoanza na habari ya Acre, ilinyamaza baada ya miaka 85, kwa sababu ya upungufu wa fedha na kwa kuwa watu wengi wamehamia katika televisheni na intaneti. Mwezi wa Machi 2025 serikali ya Marekani iliwaondoa kazini kwa likizo ya lazima karibu wafanya kazi wote wa Sauti ya Amerika, na matangazo yake mengi yakakatika. Kisima kikifukiwa, watu hawaachi kuona kiu. Huenda wakanywa maji ya dimbwini. Vivyo hivyo redio ya kweli ikinyamaza, watu hawaachi kutaka habari. Huzipokea kwa yeyote azitoaye. Siku hiyo mlinzi wa kweli hatakuwa tena msomaji wa habari aliye mbali, bali ni yule akaaye barazani na kuuliza kabla ya kusadiki.