Raba za Breki: Chagua Kufuatana na Safari Yako

Baiskeli ni mali kubwa kijijini. Inabeba mahindi, maji, mkaa na ndizi. Inampeleka mgonjwa zahanati. Lakini baiskeli isiyo na breki nzuri ni hatari. Ni hatari kwa mwendeshaji, kwa aliyepakiwa na kwa wapita njia.

Mkulima mmoja alifunga gunia la mahindi kwenye keria, akaenda mashineni. Mvua ilikuwa imenyesha. Alipofika mteremkoni alibana breki. Baiskeli haikupunguza mwendo. Mbele yake watoto walikuwa wanatoka shuleni. Mkulima akageuza usukani, akaangukia mtaroni. Watoto walipona. Yeye alivunjika mkono, akashindwa kupalilia shamba msimu ule.

Fundi aliitazama baiskeli. Akasema, "Mzee, raba zako zimekauka kama ubao."

"Lakini bado ni nene, fundi. Mimi nilidhani raba zote ni sawa."

"Hapana, mzee. Raba huchaguliwa kufuatana na safari na mzigo."

Breki inavyofanya kazi

Ukibana mkono wa breki, raba hubana ringi. Ringi ni chuma cha duara kinachoshika tairi. Raba na ringi zikisuguana, gurudumu husimama.

Mzigo ukiongezeka, kazi ya raba huongezeka. Mwendo ukiongezeka, kazi huongezeka zaidi. Tuseme ukienda polepole unasimama kwa hatua 3. Ukienda kasi mara mbili, utahitaji hatua 12 hivi. Siyo hatua 6.

Wewe unaendeshaje?

1. Unakwenda polepole, njia ni tambarare, huna mzigo. Raba ngumu za kawaida zinakutosha. Hazishiki sana, lakini hudumu.

2. Unabeba gunia au mtu, au unapita milimani. Chagua raba laini kidogo na ndefu. Raba laini hushika vizuri, ila huisha upesi. Zikague kila wiki. Weka jozi moja ya akiba.

3. Unasafiri wakati wa mvua. Ringi za chuma zikilowa huteleza sana. Ringi za alumini hushika vizuri zaidi. Kwa vyovyote, anza kubana breki mapema, kidogo kidogo, ili raba zifute maji.

Unaponunua

Nenda dukani na raba yako ya zamani, ulinganishe. Raba za breki za fito hazifanani na raba za breki za waya. Ibonyeze raba kwa ukucha. Raba nzuri hubonyea kidogo. Raba iliyopasuka, au iliyokauka na kung'aa, usinunue hata kama ni ya bei rahisi. Usikate ndala kuwa raba ya breki. Ndala huisha upesi na huweza kuchomoka njiani.

Unapofunga

Raba nyingine hukaa ndani ya kikombe cha chuma. Upande mmoja wa kikombe umezibwa, upande wa pili uko wazi. Upande uliozibwa uelekee kule gurudumu linakozungukia. Ukikosea, gurudumu litaivuta raba ichomoke, nawe utabaki bila breki.

Raba iguse ringi tu. Ikigusa tairi, itaikata. Usipake mafuta kwenye ringi. Mafuta ni ya mnyororo. Ringi ikipata mafuta, ioshe kwa sabuni.

Kabla ya safari

Bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli. Gurudumu la mbele lisizunguke. Fanya hivyo na breki ya nyuma. Mkono wa breki ukigusa usukani, breki imelegea. Raba zikiisha hadi chuma kikwaruze ringi, zibadilishe siku hiyo hiyo.

Ukifika juu ya mteremko, punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka. Tumia breki zote mbili pamoja. Bana, achia kidogo, bana tena. Mteremko ukiwa mkali na mzigo ni mzito, shuka uikokote baiskeli. Kukokota si aibu.

Mkulima yule alipona. Sasa kila asubuhi hukagua breki kwanza, ndipo hufunga mzigo.

Maswali

1. Kwa nini mkulima hakuweza kusimama mteremkoni?
2. Raba laini ina faida gani? Ina hasara gani?
3. Upande uliozibwa wa kikombe cha raba uelekee wapi?
4. Kwa nini ringi isipakwe mafuta?

Kazi ya kufanya

Leteni baiskeli darasani. Kagueni breki za kila moja. Andikeni majina ya wenye baiskeli ambazo raba zake zinafaa kubadilishwa. Jadilianeni: katika kijijini chetu, ni mteremko gani ulio hatari zaidi?