Mbwa Akikohoa Usiku, Huenda Ni Moyo

KATIKA mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Donholm na Komarock, mbwa aghalabu hufugwa awe mlinzi wa lango. Anapoanza kukohoa na kuchoka ovyo, wengi husema ni mafua au uzee, kisha humpa tembe zilizosalia nyumbani. Kumbe mara nyingine kasoro iko kwenye misuli ya moyo.

Mimi hutibu watu. Hata hivyo, moyo wa mbwa una vyumba vinne kama wetu, na maradhi haya huwapata binadamu pia.

Ugonjwa wenyewe

Moyo ni pampu iliyoundwa kwa misuli. Katika ugonjwa huu misuli hulegea na kuwa myembamba, navyo vyumba vya moyo hutanuka. Kila pigo husukuma damu kidogo kuliko inayohitajika. Damu husongamana nyuma, na maji huvuja mapafuni au tumboni. Ndiyo sababu mbwa hukohoa, huhema, huzirai au huvimba tumbo ilhali mwili unakonda.

Ugonjwa huu hurithiwa sana katika mbwa wakubwa wa asili kama Doberman na Great Dane. Mbwa chotara wa mtaani huupata kwa nadra.

Kuna visababishi vingine pia. Virusi vya parvo huweza kushambulia moyo wa mtoto wa mbwa angali tumboni au akiwa na wiki chache. Kumchanja mama mapema humkinga. Lishe nayo ina nafasi yake. Moyo huhitaji taurini, ambayo imo katika nyama na samaki, na ambayo mwili wa mbwa huiunda kutokana na protini. Mbwa anayelishwa ugali mtupu kila siku hapati protini ya kutosha.

Hesabu pumzi

Hatari kubwa ni kwamba mbwa anaweza kuishi na ugonjwa huu kwa muda mrefu bila dalili, kisha aanguke na kufa ghafla. Dalili zikianza, kuna kipimo kisichohitaji pesa. Mbwa akiwa amelala usingizi, tazama kifua chake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Zikizidi 30, rudia akiwa amelala tena. Zikiendelea kuzidi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Si kila kikohozi ni cha moyo. Kuna kikohozi cha kuambukizana, na maradhi yanayoletwa na kupe huweza kumfanya mbwa achoke na ufizi wake upauke. Daktari atasikiliza moyo, apige picha ya eksirei na, ikiwezekana, picha ya mawimbi ya sauti. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo huko Kabete. Kwingineko, hakikisha daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini.

Usigawane naye dawa

Furosemaidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, hutumiwa na watu na mbwa pia. Hapo ndipo wengi hukosea, wakadhani tembe za nyanya zitamfaa mbwa. Kipimo hufuata uzito na hali ya figo. Ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, nayo parasetamoli huweza kudhuru ini na damu yake.

Daktari wa mifugo huweza kuongeza pimobendani, ambayo husaidia moyo kusukuma damu. Dawa hizi haziponyi, lakini humpunguzia mbwa mateso na kumwongezea siku.

Nawe msomaji, ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au miguu ikivimba, usingoje. Nenda hospitali upimwe moyo, hasa wewe mama uliyejifungua miezi michache iliyopita.