Hulka ya Mhusika: Kumweleza Yona kwa Nadharia za Saikolojia

Ukiulizwa sifa za Yona katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, neno la kwanza kukujia huenda likawa "mlevi". Neno hilo ni sahihi, ila halitoshi. Yona aliyelewa na kumpiga mkewe Sara ndiye anayemtunza anapougua. Je, sifa yake ni ipi?

Saikolojia ya haiba huchunguza kinachomfanya mtu awe alivyo. Tazama makanga wa matatu ya Thika: asubuhi anawafokea abiria kituoni Ruiru, jioni anambebea mzee mzigo hadi ng'ambo ya barabara. Ukimwona asubuhi tu, utamwita mkali; ukimwona jioni tu, utamwita mpole. Mhusika naye asipimwe kwa tukio moja. Nadharia tatu zifuatazo zitakufaa.

1. Nadharia ya sifa bainifu
Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937. Anaamini kwamba kila mtu ana sifa zinazodumu na kujirudia katika hali mbalimbali. Wahenga walisema: tabia ni ngozi. Kwa hivyo, kabla ya kumpa mhusika sifa, tafuta matukio mawili au zaidi yanayoithibitisha.

2. Nadharia ya uchanganuzinafsia
Mwasisi wake ni Sigmund Freud (1856–1939). Kwake, nafsi ina pande tatu: tamaa inayotaka raha papo hapo, dhamiri inayokemea, na akili inayosuluhisha kati ya hizo mbili kwa kuzingatia hali halisi. Maumivu yasiyosemwa hutafuta njia nyingine ya kutokea. Jamii ilimkejeli Yona kwa kukosa mtoto wa kiume. Kwa jicho hili, pombe ilikuwa mahali pa kuificha aibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

3. Nadharia ya kujifunza kutokana na jamii
Mwaka 1961, Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere. Wengi wa watoto hao waliiga vitendo hivyo walipopewa nafasi. Hapa kwetu, katika kijiji cha Ngecha, Kaunti ya Kiambu iliyo na miji ya Thika na Ruiru pia, watafiti John na Beatrice Whiting na wenzao walichunguza malezi kuanzia miaka ya 1960. Waliona kwamba shule na kazi za mshahara zilipoenea, akina mama nao walianza kuthamini sifa mpya kwa watoto wao, kama vile udadisi na kujiamini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yona naye aliishi katika jamii iliyompimia mwanamume uume wake kwa watoto wa kiume.

Jinsi ya kujibu swali
Taja sifa, toa tukio, kisha eleza chanzo au athari. Kwa mfano:

Yona ni mwenye kubadilika. Awali alikuwa mlevi na alimpiga Sara, lakini Sara anapougua anamtunza. Badiliko hili linaonyesha kwamba mwanamume anaweza kuuacha mwenendo aliosukumwa kuufuata na jamii.

Angalia: jibu halikuificha kosa lake. Kueleza si kutetea. Kejeli za jamii zinaeleza ulevi wa Yona, ila hazihalalishi kipigo alichopata Sara. Mtahiniwa anayechanganya mambo haya mawili humwonea huruma mpigaji na kumsahau aliyepigwa.

Tena, usiifanye nadharia kuwa jibu. Hutapata alama kwa kulitaja jina la Freud. Utazipata kwa hoja inayotoka tamthiliani. Nadharia ni taa tu ya kukusaidia kuona.

Uzoefu huu una faida hata nje ya mtihani. Huenda mtaani kwenu yuko mtu anayejulikana kwa neno moja: mlevi, mkorofi, mvivu. Jina hilo huwafanya watu waache kutazama anachofanya leo.

Zoezi
(a) Kwa kurejelea matukio mawili, thibitisha kwamba Sara ni mvumilivu. (alama 4)
(b) "Jamii ndiyo iliyomfanya Yona kuwa mlevi." Jadili pande zote mbili. (alama 10)
(c) Chagua mhusika mwingine tamthiliani. Ni nadharia ipi inamweleza vyema zaidi? Toa sababu. (alama 6)