JE, KUSEMA "NIMEOKOKA" NI KIBURI?

Somo la ushirika wa nyumbani, Kariandusi
Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Luka 18:9–14, Waefeso 2:8–9, 1 Yohana 1:7–9, 1 Yohana 5:11–13



Kila Jumapili mtu akisimama kutoa ushuhuda huanza hivi: "Bwana asifiwe, mimi nimeokoka, nampenda Yesu." Sisi tunaitikia amina. Lakini jirani akisikia neno hilo huwa anauliza: "Ati umeokoka? Nani alikuambia? Hapa duniani hakuna kuokoka, mtu ataokoka akifika kule." Mwingine hasemi kitu, anacheka tu na kusema moyoni kwamba hawa watu wanajiona.

Nimeulizwa swali hili mazishini, nimeulizwa ndani ya matatu ya kwenda Gilgil. Wengi wanaoliuliza si maadui wa injili. Ni watu wanaomcha Mungu, waliolelewa wakijua kwamba mnyenyekevu hajisifu, hungoja kusifiwa. Wanastahili jibu la heshima. Na sisi wenyewe tunastahili kujichunguza, manake kuna wakati jirani anasema kweli.

1. SWALI HILI LILIULIZWA ZAMANI

Mwezi wa Septemba 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka roho na mwili. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Siku mbili walisoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na watu kama hao uamsho ulienea Rwanda na Uganda, na mwaka wa 1937 timu kutoka Rwanda ilifika Kabete, hapa Kenya.

Waliookolewa katika uamsho ule waliitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka. Huku kwetu Wakikuyu wakasema ahonoki. Mara nyingi watu waliyatamka majina hayo kwa kejeli: "Tazameni wale waliookoka!" Mwaka wa 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, na walipokatazwa hawakuacha. Wakubwa wa chuo waliona ukaidi na majivuno. Wenyewe waliona kwamba hawawezi kuficha kile Mungu amewatendea.

Kwa hivyo ukiambiwa unajivuna, usishangae. Usikasirike pia. Uliza kwanza: je, ni kweli?

2. WOKOVU UNA JANA, LEO NA KESHO

Jirani anayesema tutaokoka tukifika hajakosea kabisa. Warumi 5:9–10 inazungumza juu ya kuokolewa kutakakokuja. 1 Wakorintho 1:18 inatuita watu tunaoendelea kuokolewa. Waefeso 2:8 inasema jambo hilo limekwisha kufanyika. Yote matatu ni Neno la Mungu.

Mkulima akilipiwa deni lake lote kwenye sacco, siku hiyo yeye si mdaiwa tena. Hiyo ni jana. Shamba bado analima kila siku, hiyo ni leo. Mavuno bado hajayaona, hiyo ni kesho. Akisema "deni langu limelipwa" hajidai kwamba ameshavuna. Anataja lililofanyika, na tena anamtaja aliyelipa.

Yohana aliandika waraka wake wa kwanza ili wanaoamini wajue kwamba wana uzima wa milele. Soma 5:13. Neno ni kujua, si kubahatisha. Kama Mungu amesema kitu nami ninasema "labda", huo si unyenyekevu. Ni kumfanya Mungu aonekane hasemi kweli, na Yohana anasema hivyo waziwazi katika 5:10. Yule mhalifu msalabani (Luka 23:40–43) hakuwa na tendo jema hata moja la kuonyesha. Aliahidiwa na Yesu kuwa naye siku ileile. Angejibu, "Hapana Bwana, mimi siwezi kusema hivyo, nitaonekana najivuna," angekuwa mnyenyekevu kuliko Yesu?

3. KIBURI HUINGIA WAPI BASI?

Nenda Luka 18. Watu wengi husahau kwamba Farisayo alianza kwa kumshukuru Mungu. Maneno yake ya kwanza yangepata amina kanisani kwetu. Shida ilianza jicho lake lilipogeuka pembeni kumtazama mtoza ushuru. Shukrani ikawa mizani ya kumpimia mwenzake. Halafu akaanza kusoma orodha: kufunga, zaka. Mtoza ushuru hakuwa na orodha, aliomba rehema tu, na Yesu akatangaza kwamba huyo ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Wale wa Mathayo 7:21–23 pia walikuja na orodha ndefu: unabii, kutoa pepo, miujiza. Walikuwa na hakika kabisa, lakini hakika yao ilisimama juu ya kazi zao wenyewe.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ukiulizwa, "Unajuaje umeokoka?" na jibu lako linaanza na "kwa sababu mimi...", mimi huwa nafunga, mimi siendi baa, mimi ni wa praise and worship, basi jirani ana haki ya kukuita mwenye kiburi. Lakini jibu likianza na "kwa sababu Yesu...", hapo huna la kujivunia.

Nyinyi mnazijua chemchemi zetu za maji moto hapa Kariandusi. Mtu huoga, akatoka amepata joto na amesafika, akawaita wengine waje. Sijasikia hata mmoja akijigamba kwamba yeye ndiye aliyeyapasha moto. Maji aliyakuta hivyo. Na machimbo yetu ya udongo mweupe mnayajua pia: mtu akitoka huko amekuwa mweupe kichwa hadi miguu, lakini ule ni vumbi, akijipangusa linatoka. Kuna dini ya namna hiyo, weupe wa juujuu. Wokovu ni kuoshwa.

4. ANAYEJUA AMEOKOKA HUWA MWEPESI WA KUTUBU

Ndugu wa uamsho walikuwa na jambo ambalo sisi tunalisahau. Walisema "nimeokoka", na katika mkutano uleule wakasimama kuungama: niliiba kwa mwajiri, nilimchukia ndugu yangu. Wakarudisha vitu. Huko waliita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Mtu asiye na hakika huogopa kukubali kosa, manake anaona kila kosa litamfukuza nyumbani. Mtoto anayejua ni wa nyumba hukimbilia kwa baba na kusema, "Nimevunja."

Hakika hiyo ilipimwa kwa moto miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari. Wengi wa ahonoki walikataa kula kiapo, wakisema damu ya Yesu imewatosha. Na wengi wao walikataa pia kubeba silaha za serikali. Wakachukiwa pande zote mbili, na wengine wakauawa. Hawakutaka kumwua jirani wa upande wowote. Uhakika wao haukuwafanya waone wengine takataka. Uliwapa nguvu ya kutochukia.

Lakini baadaye jaribu la Farisayo liliingia hata kwa watu wa uamsho. Uganda kulitokea kundi lililoitwa Bazukufu, walioamka upya, ambao waliwahesabu ndugu wengine waliookoka kuwa wamelala. Paulo anaonya katika 1 Wakorintho 10:12 kwamba anayejiona amesimama achunge asije akaanguka. Hakika si leseni ya kulala, wala si kiti cha hakimu.

5. NYUMBANI NDIKO MTIHANI ULIKO

Kuna dada mmoja, nimepewa ruhusa kueleza bila jina. Mume wake husali kanisa lingine, mtu mpole. Kila wakikosana dada alikuwa anamaliza na neno moja: "Mimi nimeokoka, wewe ni wa dunia." Ikafika mahali chakula kinaliwa kimya. Yule baba aliniambia, "Mchungaji, sina shida na Yesu. Shida yangu ni kuishi na hakimu."

Sikumwambia dada aache kusema ameokoka. Nilimwomba amalizie ushuhuda: umeokolewa kutoka kwa nini? Alilia. Alikuwa amekopa pesa za chama bila mumewe kujua. Akaenda akamwambia yote, akaomba msamaha, wakapanga jinsi ya kulipa. Baba hajakuja kanisani kwetu mpaka leo, lakini alimwambia mkewe, "Sasa naona hiyo dawa inafanya kazi."

Wapendwa, tusiache kusema tumeokoka. Tuseme kwa sauti. Lakini tuseme kama mgonjwa aliyepona anayemwelekeza mgonjwa mwenzake kwa daktari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ukiulizwa unajuaje umeokoka, jibu lako huanza na "mimi" au na "Yesu"?
2. Mara ya mwisho uliomba msamaha nyumbani kwako ni lini?
3. Tunawezaje kumjibu kwa upendo jirani anayesema wokovu ni mbinguni tu?

ANDIKO LA KUKARIRI: Waefeso 2:8–9

TUOMBE: Baba, asante kwa sababu umetuokoa, unatuokoa, na utatuokoa. Ondoa ndani yetu shaka inayokukosea heshima, na kiburi kinachomkosea jirani. Tupe kutembea nuruni. Katika jina la Yesu, amina.