Wiki Nne za Kwanza: Utafiti Unatufundisha Nini Kuhusu Mtoto Mchanga?

SOMO LA ROBO HII



Katika kupanga matumizi ya michango ya mwaka huu, kamati za Chitete zimetuletea swali zito: je, fedha zilizopatikana zinunue inkubeta, yaani mashine ya joto, kwa ajili ya watoto njiti? Swali hili limetoka kwa watu waliozika watoto wasiofikisha hata wiki moja. Kwa hiyo hatukutaka kulijibu kwa haraka. Tumeona ni vyema kwanza tujifunze pamoja yale ambayo utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha, hasa uliofanyika hapa hapa Tanzania, kisha tulirudie swali lenyewe.

Neno la kutafakari: Kutoka 1:15-21. Shifra na Pua walikuwa wakunga. Hawakuwa na mali wala cheo, lakini walisimama mahali mtoto anapozaliwa, wakaulinda uhai.

1. HALI ILIVYO

Tanzania imepiga hatua kubwa. Takwimu za kitaifa za 2015-16 zilionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walifariki kabla ya kufikisha miaka 5. Takwimu za 2022 zilionyesha 43. Chanjo, vyandarua na dawa bora za malaria zimechangia sana.

Lakini tuangalie mstari wa pili. Watoto waliofariki ndani ya siku 28 za kwanza walikuwa 25 katika kila 1,000 mwaka 2015-16. Mwaka 2022 walikuwa 24. Mstari huu karibu haukusogea. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka 5 sasa hutokea katika wiki nne za kwanza. Chandarua hakimsaidii mtoto aliyezaliwa bila kupumua, na chanjo ya surua haimpi joto mtoto wa kilo moja na nusu.

Sababu kubwa ni tatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Tuzitazame moja moja.

2. JOTO: KIFUA CHA MAMA

Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine. Akawaomba akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wima kati ya matiti, usiku na mchana. Hiyo ndiyo tunayoiita huduma ya kangaroo.

Kwa miaka mingi huduma hiyo ilianzishwa baada ya mtoto kutulia. Mtoto aliyekuwa dhaifu alibaki kwenye mashine kwanza. Shirika la Afya Duniani likataka kujua: je, tukianza mara tu baada ya kuzaliwa? Utafiti ulifanyika katika hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ulihusu watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika kila watoto 100 walioanza kwenye mashine, karibu 16 walifariki ndani ya siku 28. Katika kila 100 walioanza kifuani kwa mama, walifariki 12. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine kifua cha mama. Mwaka 2022 Shirika hilo lilibadilisha mwongozo wake: huduma ya kangaroo ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Je, inawezekana nyumbani? Utafiti uliofanyika jimbo la Haryana, India, ukatangazwa mwaka 2019, ulihusisha watoto wadogo zaidi ya 8,000 ambao familia zao zilifundishwa huduma hii vijijini. Vifo vya mwezi wa kwanza vilipungua kwa karibu theluthi moja.

Hata hivyo tusielewe vibaya. Wale watoto wa hospitali za nchi tano walikuwa pia na wauguzi, oksijeni, na dawa. Kifua cha mama hakichukui nafasi ya hospitali. Kinachukua nafasi ya kumtenga mtoto na mama yake.

3. PUMZI: DAKIKA YA KWANZA

Mtoto asiyelia baada ya kuzaliwa anahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na kama bado hapumui, kupewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja. Kati ya 2009 na 2012 wakunga wa hospitali 8 nchini walifundishwa hatua hizo. Dk. Georgina Msemo wa Wizara ya Afya na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini lipo jambo lingine ambalo kamati na wafadhili wanapaswa kulishika. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilipima kilichotokea baada ya semina ya siku moja. Wakunga walifanya vizuri darasani kwa kutumia mdoli, lakini katika chumba cha kujifungulia utendaji haukubadilika. Ndipo hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache tu, pale pale kazini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015.

Mbinu hiyo ilipanuliwa hadi hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada ya hapo vimepungua kwa asilimia 18, na vifo vya akina mama kwa asilimia 75. Semina moja yenye posho na picha ya pamoja haikufanya hayo. Mazoezi ya kila wiki ndiyo yaliyofanya.

4. KITOVU: USAFI NA UKAVU

Huko Pemba watoto zaidi ya 36,000 walihusishwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016. Kundi moja lilipakwa dawa ya klorheksidini kitovuni, jingine likaachiwa kitovu kikavu na safi. Tofauti ya vifo ilikuwa ndogo, isiyoweza kuthibitishwa. Majirani zetu wa Zambia, katika Mkoa wa Kusini, walipata jibu kama hilo mwaka huo huo.

Fundisho kwetu ni jepesi: kitovu kikatwe kwa kifaa safi na kiachwe kikavu. Kisipakwe majivu, mafuta, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Bibi na mama mkwe waelezwe kwa heshima, maana ndio wanaomwogesha mtoto. Pale mhudumu wa afya anapoona dawa inahitajika, atatoa maelekezo.

5. KUTEMBELEA NYUMBA: KUNATOSHA?

Vikundi vyetu vingi hutembelea wajawazito, na hiyo ni kazi njema. Katika wilaya 6 za Lindi na Mtwara, kati ya 2010 na 2013, watu wa kujitolea walitembelea familia na kufundisha malezi ya mtoto mchanga. Watafiti walikuta mwenendo umebadilika: akina mama wengi zaidi walinyonyesha ndani ya saa ya kwanza. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko maeneo mengine. Akina mama walishawishika kwenda kujifungulia kituoni. Swali likabaki, je, wakifika wanakuta huduma inayoweza kumwokoa mtoto?

Kwa hiyo tusiache kutembelea, ila tusiishie mlangoni. Ushauri na zahanati ni kama mafiga. Figa moja haliinjiki chungu.

6. TULIRUDIE SWALI LA CHITETE

Chitete ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, iliyoanzishwa mwaka 2012, katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016. Vijiji viko mbali mbali, na wakati wa mvua safari huwa ngumu zaidi. Inkubeta inahitaji umeme usiokatika, usafi wa kila siku, fundi, na muuguzi wa kuiangalia usiku. Ikikosa hayo, mtoto anaweza kupoa, kuungua au kupata maambukizi ndani yake.

Tunajua inkubeta inaonekana. Inapigwa picha na kuandikwa jina la aliyeitoa. Khanga, kofia ya mtoto na kiti cha kuegemea havina sifa hiyo. Lakini kwa ushahidi tulio nao, ushauri wetu ni kwamba fedha za zahanati zisinunue inkubeta. Mashine zina mahali pake katika hospitali yenye wauguzi wa kutosha, na uamuzi huo ufanywe na Mganga Mkuu wa Wilaya. Sisi tupendekeze haya, kwa makubaliano na Kamati ya Usimamizi ya kituo:

a) Sehemu ya huduma ya kangaroo: vitanda, viti vya kuegemea, pazia, vibebeo, kofia na soksi, vikombe vidogo vya kulishia maziwa yaliyokamuliwa, pamoja na chakula cha mama na ndugu anayempokea. Baba naye anaweza kumbeba mtoto.

b) Mifuko ya hewa na barakoa za saizi ya mtoto mchanga, mdoli wa mazoezi, na ratiba ya mazoezi ya kila wiki inayosimamiwa na mkunga mwenyewe.

c) Akiba ya usafiri. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupokea simu za dharura za wajawazito na watoto wachanga kupitia namba 115 bila malipo. Kila kigango kiibandike namba hiyo mlangoni. Mtoto mdogo anayepelekwa hospitali asafiri kifuani kwa mama, amefunikwa.

d) Watembeleaji wafike siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, wakiwa wanafahamiana na zahanati kwa majina.

7. DALILI ZA HATARI

Mtoto apelekwe kituoni mara moja akionyesha hata moja ya hizi: kushindwa kunyonya, degedege, kupumua haraka au kifua kubonyea, mwili wa moto au wa baridi, kulegea, unjano viganjani au kwenye nyayo, kitovu chekundu au chenye usaha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika kigango chetu, ni watoto wangapi walifariki kabla ya mwezi mmoja mwaka uliopita? Nani anawahesabu, pamoja na waliozikwa kimya kimya?

2. Mara ya mwisho mkunga wetu kufanya mazoezi ya kumpa mtoto hewa ilikuwa lini?

3. Mama akibaki kituoni wiki mbili na mtoto njiti, nani atampikia, na nani atawaangalia watoto wengine na shamba?

4. Kwa wafadhili: je, tuko tayari kulipia jambo lisiloandikwa jina letu?

Tunaomba majibu ya kamati yatufikie kabla ya kikao kijacho cha mipango, ili bajeti ya Chitete ipangwe kwa kuyafuata. Mungu awabariki wakunga wetu, na awalinde wadogo hawa.