Maana ya Mihjam

Jua, ewe msomaji, ya kuwa hijama, yaani kuumika, asili yake ni kunyonya. Mtoto akinyonya ziwa la mamake, Waarabu husema hajama. Katika shina hilo likatoka mihjam, kwa mizani ya majina ya vyombo, kama mibrad, yaani tupa. Kiswahili kimeshika njia nyingine: neno kuumika hutumika pia kwa unga wa mkate, na ngozi iliyo chini ya chuku huvimba vivyo hivyo.

Ibn al-Athir, aliyefariki mwaka 606 H. (1210), ametaja katika al-Nihaya kwamba mihjam ina maana mbili. Ya kwanza ni chombo kikusanyacho damu inapofyonzwa, nacho ndicho chuku. Ya pili ni wembe wa mwumishi, uitwao pia mishrat. Katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari, ponyo limetajwa katika asali, na mchanjo wa mihjam, na kuchoma kwa moto, na huko kuchoma Mtume (S.A.W.) ameukataza umati wake. Hapo makusudio ni wembe, kwani pembe haichanji.

Lakini iko Hadithi nyingine, ya kuwa mwenye kuumika na mwenye kuumikwa wote wamefungua. Mwenye kuumikwa ametokwa na damu. Huyu mwumishi ana nini? Asiyejua asili ya jina hatapata jawabu. Mwumishi wa kale alifyonza pembe kwa kinywa chake, kisha akaiziba tundu kwa nta, na hakuwa na amani ya damu kumshuka kooni. Kwa hiyo baadhi ya wanavyuoni wamefasiri kuwa wawili hao wamekaribia kufungua: huyu kwa kufyonza, na yule kwa udhaifu.

Imam Ahmad ameshika dhahiri ya Hadithi, kuwa saumu zao zimebatilika. Imam Shafii amesema hazibatiliki, kwani Ibn Abbas amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliumikwa naye amefunga, na hayo ni baada ya ile Hadithi ya kwanza, iliyosemwa mwaka wa kufunguliwa Makka, 8 H. Hata hivyo kuacha mchana wa Ramadhani ni bora, hasa kwa mnyonge. Na mwumishi akiimeza damu kwa kusudi, naye akumbuka saumu yake, amefungua bila shaka.

Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi, alieleza mihjam za pembe, za mti, za shaba na za kioo, na nyingine zavuta kwa moto, si kwa kinywa. Leo wengi hutumia vikombe vyenye pampu ya mkono. Jina la kunyonya limebaki, na khofu ya mwumishi kumeza damu imeondoka. Udhaifu wa mwenye kuumikwa uko pale pale.